Tundu la Tatu Kutoka Chini

Mwanangu Kabula,

Hali yako sikuulizi, naijua. Nakusikia chumba cha pili mnabishana na mama yako juu ya michembe, vile viazi vyake vya kukausha, yeye anataka ubebe mfuko mzima na wewe unasema Geita si jangwani. Maagizo ya safari nimemwachia yeye, maana anayo mengi kuliko mimi: funga dirisha, maji chemsha, mwenye nyumba mwamkie vizuri hata kama ana maneno. Yote ni kweli, na mengi utayasahau kabla basi halijafika Kahama. Mimi nina jambo moja tu, na kwa kuwa nimeshindwa kulisema kwa mdomo, nimechukua kalamu.

Leo tulipokuwa tunakula ulitueleza habari za shule unakokwenda kufundisha. Mwalimu mkuu wa huko amekuandikia kwamba wamepewa sanduku la filimbi, zimekaa stoo kwa sababu hakuna wa kuzifundisha, na darasa la nne wanakusubiri wewe uwaanzishe, filimbi na noti kwa pamoja. Mama yako akafurahi. Wewe ukacheka, ukasema utamwomba kazi hiyo ampe mwalimu mwingine.

"Mimi sina sikio," ukasema. "Baba anajua."

Kisha ukanisogezea bakuli la mlenda.

Nimekula ule mlenda bila kujua ladha yake. Hukulisema neno lile kwa uchungu, na ndiyo maana limenichoma. Ulilisema kama mtu anavyotaja kimo chake, jambo lililokwisha kupimwa, hakuna ubishi. Na aliyepima ni mimi. Nililitamka mbele ya wenzako ukiwa darasa la nne. Tangu hapo umelibeba, umekwenda nalo bwenini, umekwenda nalo chuo cha ualimu, na kesho unataka kupanda nalo basi. Si kweli, Kabula. Halikuwa kweli hata siku ile nilipolisema. Nataka nikueleze lilivyotokea, na ukimaliza kusoma uamue mwenyewe utamjibu nini mwalimu mkuu wako.

Itabidi nianzie mbali kidogo. Unanijua, sina hadithi fupi.

Nilipokuwa chuoni padri mmoja mzee alitufundisha filimbi, na nilipomaliza akanipa moja, ile ya rangi ya kahawia ambayo nyumba hii nzima inajua kwamba haiguswi. Nilipopangiwa hapa Tinde, mwalimu mkuu wetu wa wakati ule aliposikia nina filimbi akanipa somo la muziki. Filimbi moja, darasa zima la watoto. Nami, kichwa bado kimejaa nadharia za chuoni, nikaona heri niwafundishe noti kwanza. Muhula mzima sikumruhusu mtoto apulize chochote, hata bua la mtama. Tulichora mistari mitano, tukaandika noti nyeupe na noti nyeusi, tukahesabu mapigo kwa kugonga madawati mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja kulalamika. Watoto walikariri sana. Wewe ulikuwa unazitaja noti ukiosha vyombo, mama yako akadhani ni sala mpya ya kule parokiani.

Siku moja mwalimu mkuu akaingia darasani. Akamuuliza mtoto mmoja noti nyeupe ina mapigo mangapi. Mtoto akasimama wima, akajibu vizuri, mwalimu mkuu akaridhika. Kisha akasema, haya, sasa nipigieni kitu kidogo nisikie. Watoto wote wakageuka wakanitazama mimi. Aibu ile siwezi kukueleza. Nilikuwa nimewafundisha watu kupika muhula mzima bila kuwasha moto. Mwalimu mkuu akatoka, na jioni aliniita, akaniambia siku ya wazazi anataka kusikia filimbi, habari za noti nimwandikie kwenye ripoti.

Filimbi za kununua zilikuwa hazipatikani, na hata zingepatikana nani angezinunua. Nikamwomba mjomba wako wa Ushirombo anitafutie mianzi. Ikaja juu ya lori la pamba, imefungwa kamba. Jumamosi nikakaa nyuma ya nyumba na kisu, na msumari mnene, na jiko la mkaa, wewe ukanishikia ncha ya pili ya kila mwanzi nilipokuwa nachonga. Hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa, na wewe ulikuwepo, umelishika kwa mikono yako bila kujua.

Babu yako, baba yangu, alichunga ng'ombe tangu utoto mpaka meno yalipomtoka, na filimbi aliijua kwa njia ya wachungaji. Kwao filimbi haipimwi kwa rula. Unakata mwanzi, unaushika unavyopenda kuushika, pale vidole vyako vinapotua unaweka alama ya mkaa, halafu unatoboa kwa chuma cha moto. Alikuwa akisema filimbi ni ya mwenye vidole. Kila mchungaji na yake, hakuna mbili zinazofanana, wala hakuna ubaya, kwa sababu mchungaji hupiga peke yake na ng'ombe hawamsahihishi. Nimelala na kuamka na sauti ya filimbi ile. Kwa hiyo nami nikafanya kama nilivyofundishwa. Niliweka vidole vyangu juu ya kila mwanzi, nikatia alama, nikatoboa. Vidole vyangu unavijua, vinene, vimekaa kwa nafasi sawa kama vya mtu aliyeshika mpini wa jembe. Basi matundu nayo yakakaa kwa nafasi sawa. Nilipozipanga juu ya mkeka nikazitazama, nikajiona fundi.

Na wiki ile ile, mwanangu, nilikuwa nimewachorea ngazi ubaoni. Do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Niliwaambia vipandio vya ngazi hii havilingani, kwamba kati ya mi na fa kipandio ni kifupi, nusu tu ya vingine. Nikaipanda kwa miguu mbele ya darasa, hatua ndefu, hatua ndefu, hatua fupi, mkanicheka. Nilikuwa nayajua yale vizuri kabisa. Kisha nikayaacha pale ubaoni, nikaenda nyumbani kutoboa mianzi kana kwamba ngazi ina vipandio sawa. Nyani haoni kundule.

Fa ya filimbi zangu zote ikawa juu mno. Si sana, kiasi tu cha kumkera mwenye masikio. Mimi halikunikera. Filimbi zote zilikuwa zimekosea mahali pamoja, kwa hiyo zenyewe kwa zenyewe zilipatana, na masikio yangu yalilelewa na filimbi ya babu yako, fa ya namna ile kwangu ilikuwa ya nyumbani. Tena nilikuwa napiga mimi kwanza na filimbi yangu ya kahawia, halafu darasa linaitikia. Hatukupiga pamoja hata mara moja. Kama tungepiga pamoja siku moja tu, leo nisingekuwa naandika.

Wewe ulisikia. Ulikuwa na miaka kumi na ulisikia.

Lakini mimi sikujua kwamba umesikia. Nilichokiona mimi kilikuwa kidole. Kidole chako cha shahada cha mkono wa kulia, kile kinachokaa juu ya tundu la tatu kutoka chini, kilikuwa hakiinuki chote. Kila tukifika kwenye fa wenzako wanakiinua juu, wewe unakiinamisha tu, tundu linabaki limefunikwa nusu. Nikakuonya, ukainua. Tukirudia wimbo, kidole kinarudi kule kule. Nikadhani ni uvivu. Na nikuambie lingine ambalo labda ulilijua: nilikuwa mkali kwako kuliko kwa watoto wa watu, kwa sababu niliogopa walimu wenzangu waseme nampendelea binti yangu. Shuleni uliniita Mwalimu, nyumbani Baba, hukuwahi kuchanganya. Nikachukua rula, nikakipiga kile kidole mbele ya darasa. Hukulia. Ulikitia mdomoni, ukakitoa, ukakirudisha juu ya tundu lake.

Baada ya hapo kidole kikawa kinainuka, nikafurahi, nikasema rula imefundisha. Lakini sauti yako bado ilikuwa peke yake. Nikipita nyuma ya mistari naisikia, wenzako wote wako hapa, Kabula yuko pale. Nikaichukua filimbi yako nikaikagua. Kwenye tundu la tatu kulikuwa na nta. Ulikuwa umeibandika ukingoni, ikaziba kama nusu, imelainishwa vizuri kwa kucha. Nikakuuliza huu ni uchafu gani. Ukasema ni nta, Mwalimu, ukiiweka inaita vizuri. Nikaikwangua kwa ncha ya msumari ukiwa umesimama unanitazama, nikakurudishia filimbi yako.

Mchana ule mama yako aliniambia kwamba wewe ndiye uliyemwomba hiyo nta, ya kwenye asali ya kwao Ushirombo. Akasema ulikaa naye jikoni unapuliza, unaongeza nta kidogo, unapuliza, unapunguza, unapuliza tena, mpaka ugali ukapoa na yeye akachoka kukufukuza. Alinieleza kama mtu anayeona jambo kubwa kwa mwanawe ila hana jina lake. Nikamjibu kwamba mambo ya shule aniachie mimi. Mama yako akaendelea kupepeta mchele wake.

Yakaja mazoezi ya mwisho kabla ya siku ya wazazi. Nta haipo, basi kidole chako kikarudia kuinama. Nikausimamisha wimbo. Nikakuambia kidole kimoja hakivunji chawa, maana yake ufuate wenzako. Ukainamisha kichwa. Nikadhani imekuingia. Kisha ukasema, kwa sauti ndogo lakini darasa zima lilisikia:

"Wenzangu ndio wanaokosea, Mwalimu."

Ningeweza kuchukua filimbi yangu nikapima. Ilikuwa mezani, hatua chache tu kutoka niliposimama. Sikuichukua. Nilichukua ya kwako, nikaitoa mkononi mwako.

"Huna sikio, Kabula," nikasema. "Mungu hakukupa. Nenda kakae."

Ukaenda ukakaa. Siku ya wazazi watoto walipiga vizuri, wazazi wakapiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele, mwalimu mkuu akanipa mkono. Filimbi zote zile zilizokosea kwa pamoja, na hakuna aliyejua. Aliyejua alikuwa amekaa upande wa akina mama, amempakata mtoto wa jirani. Na jioni tuliporudi nyumbani ulininawisha mikono, ukanikaribisha chakula, ukaniita Mwalimu. Nikasikia. Nikajifanya sikusikia.

Sasa mtu atasema, kosa la kutojua husamehewa. Nami nilijitetea hivyo kwa muda, nafsini mwangu. Lakini kuna la pili, na hilo nililifanya nikijua.

Wewe ulikuwa umeshakwenda bwenini. Parokia ikapata kinanda, na mwalimu wa kwaya, kijana mmoja mpole, akaniomba watoto wangu wa filimbi waje wapige nacho siku ya Krismasi. Nikaenda peke yangu kwanza, na filimbi za mianzi ndani ya mfuko, tujaribu. Tukaanza. Tulipofika kwenye fa yule kijana akaacha, akakitazama kinanda chake, akadhani kimeharibika. Akaniomba tujaribu tena. Tukajaribu. Nikabadilisha filimbi, nikachukua ya pili, nikachukua nyingine, zote zinakwenda vizuri na kinanda mpaka pale, zikifika pale zinagombana nacho. Yule kijana kwa adabu akasema labda ni mianzi imekauka, Mwalimu. Nilikuwa najaribu kidole. Nikakiinamisha kidole changu juu ya tundu la tatu, nikaliacha limefunikwa nusu, nikapuliza, yeye akabonyeza. Zikapatana. Zikawa sauti moja.

Nikakitazama kidole changu pale kilipo, kimeinama, na nikakiona cha kwako.

Nilimwambia yule kijana kwamba sijisikii vizuri, na haukuwa uongo. Baiskeli nilikuwa nayo lakini sikuweza kuipanda. Niliikokota mpaka nyumbani.

Ungedhani likizo ile ile ulipokuja ningekuita nikakuambia. Sikukuita. Mwaka uliofuata tulipokuwa tunachuma pamba mimi na wewe, nilianza. Nikakuuliza kama unazikumbuka zile filimbi za mianzi. Ukacheka, ukasema, Baba, achana na filimbi, mimi zilinishinda. Ulisema kwa wema tu, nadhani uliona nataka kukumbushia mambo ya zamani ukanihurumia. Nami nikashukuru, nikainama, nikaendelea kuchuma. Nikajiambia umeshasahau. Mkosaji hupenda kumsahaulisha aliyekosewa, ni rahisi kuliko kumwomba radhi. Na kusema kweli niliogopa. Tinde nzima inaniita Mwalimu. Kuanzia barabarani mpaka kisimani ni shikamoo Mwalimu, shikamoo Mwalimu. Nilijiuliza, nikimwambia binti yangu kwamba nilimpiga kwa kusikia vizuri, nitaitikiaje marahaba.

Mama yako ndiye aliyenionyesha kwamba hukusahau. Ilikuwa Jumapili, umetoka chuoni, tumekaa benchi moja kanisani. Watu wanaimba. Akanigusa goti, akanong'ona, "Mtazame mwanao." Nikakutazama. Midomo yako ilikuwa inakwenda na maneno yote, beti zote, na hakuna sauti iliyotoka. Tangu siku ile nimekutazama kila Jumapili uliyokuwa nyumbani, na ni hivyo hivyo. Umesoma nadharia ya muziki chuoni, ukaniletea alama zako, nzuri kuliko nilizopata mimi, yote ya maandishi. Unaijua ngazi, unajua kipandio kifupi kiko wapi. Unaweza kukiandika. Kukiimba umeacha, kwa sababu mimi nilikuambia ukae.

Hili limenitesa, Kabula. Usiku nikiamka, hilo ndilo linalonijia. Nimekosa mengi maishani na mengine nimeyazoea, hili sijalizoea.

Sasa hao watoto wa darasa la nne. Sitaki kukufundisha kazi, umeisomea. Nitakuambia tu ningefanya nini kama ningerudishwa pale mwanzo nikiwa na sanduku zima la filimbi badala ya moja.

Ningewapa siku hiyo hiyo. Wapulize kabla hawajaandika kitu. Watapiga kelele shule nzima isikilizane kwa shida, na wengi watapuliza kwa nguvu kama wanaochochea moto, filimbi itapiga yowe. Ningewaambia wapulize kama mtu anayempozea mtoto mchanga uji. Mkono wa kushoto tu, juu, sauti tatu, ti, la na so, siku nyingi ziwe hizo tatu mpaka vidole vijue njia vyenyewe. Wakishaisikia sauti, ndipo ningewachorea mstari wake ubaoni na kuwatajia jina lake. Mimi niliwapa majina ya vitu ambavyo hawajawahi kukutana navyo, kisha nikashangaa wanakariri bila kuelewa.

Mapigo hutahangaika nayo. Huko kwenye machimbo ya dhahabu watoto wanasikia watu wakitwanga mawe kutwa nzima, wawili wawili kwenye kinu kimoja cha chuma, mchi mmoja ukipanda mwingine unashuka, na wakikosea hesabu mtu anaumia mkono. Waulize hao mapigo manne ni nini, watakuonyesha kwa mikono kabla hujashika chaki. Lakini hivyo vidole vyao uvitazame kwanza. Mjomba wako yuko Bulyanhulu siku hizi, amenieleza watoto wa kule husaidia wazazi kuponda na kuosha mchanga, vidole vinakuwa na sugu na mipasuko. Kidole cha namna hiyo hakizibi tundu sawasawa, sauti itavuja na mtoto atalaumiwa. Mafuta kidogo ya kupaka, hata samli, na uvumilivu. Mwingine atakuja mwezi mmoja, kisha wazazi watahamia shimo jingine naye atapotea. Mfundishe kana kwamba atakaa mpaka darasa la saba.

Na siku moja, mwanangu, mtoto mmoja atatoa sauti tofauti na wenzake wote. Hii siku itafika, haikosi. Utataka kumnyamazisha, kwa sababu ni mmoja na wao ni wengi na kengele iko karibu kugongwa. Kabla hujamwambia kitu, chukua filimbi yake uipulize wewe mwenyewe. Kisha chukua za wenzake uzipulize. Mjomba wako anasema mchimbaji jiwe halihukumu kwa macho, analiponda kwanza, anaosha, ndipo anasema. Mimi nilikuwa mwalimu mwenye cheti na nilishindwa kufanya linalofanywa na kila mtu mwenye nyundo kule Geita.

Filimbi yako sikuitupa. Imekaa juu ya kabati miaka yote hii, ndani ya soksi yangu kuukuu, na mama yako ameifuta vumbi mara nyingi bila kuniuliza ni ya nini. Leo mlipoondoa vyombo nikamfuata jikoni, nikamwomba nta. Sikumweleza. Alifungua kopo akatoa kipande kimefungwa kwenye kitambaa, tayari, kama mtu aliyemwekea mgeni chakula, mgeni akachelewa kufika. Akanipa, akaendelea na michembe yake.

Nikakaa nyuma ya nyumba, pale pale tulipochongea. Vidole vyangu ni vinene kwa kazi hii. Naziba, napuliza, imeshuka mno. Nakwangua, napuliza, imepanda. Nikaelewa ulivyokaa jikoni siku ile mpaka ugali ukapoa, mtoto wa miaka kumi, bila kinanda, bila filimbi nyingine ya kulinganisha, unaikumbuka tu ile fa yangu ya darasani na kuitafuta kwa kucha. Mimi nilikuwa na filimbi ya kahawia pajani, napiga huku, napiga kule. Labda ulinisikia ukadhani ni mtoto wa jirani anajifunza. Hukukosea sana.

Imekaa sawa. Nimezipiga zote mbili, ile ya kahawia na ya kwako, zinasema kitu kimoja. Nimeziweka sandukuni mwako upande wa kulia, chini ya vitenge, pamoja na barua hii. Zote mbili ni zako. Ile ya kahawia usiifanye ya kutoguswa kama nilivyofanya mimi, wape watoto waiguse.

Naomba unisamehe, Kabula. Nilikupiga kwa sababu ya kusikia vizuri, nikakunyang'anya kilicho chako mbele ya watu, nikajua kosa langu nikanyamaza, nikakuacha ukue na neno la uongo kwa sababu lilitoka kinywani mwangu. Asiye na sikio alikuwa mimi. Sikuombi unijibu kesho. Kesho nitalifunga sanduku lako kwenye baiskeli, tutakwenda mpaka barabarani kungoja basi, nami unanijua, nitaongea habari za mvua na bei ya pamba mpaka utakapopanda. Usidhani sina lingine. Lingine liko humu.

Mwalimu mkuu wako mwambie unavyoona wewe. Ukikataa sitakulaumu. Ila usimwambie kwamba Baba anajua, kwa sababu Baba hakujua.

Ukishapata chumba, na ukishapanga vitu vyako, ufunge mlango uitoe ile ya mwanzi. Ziba matundu yote, kisha ufungue moja moja kutoka chini. Ukifika la tatu inua kidole chote, juu kabisa, usikiinamishe, nta ipo na hakuna atakayeikwangua tena. Hiyo utakayoisikia ndiyo fa. Wewe uliipata jikoni kwa mama yako, na mimi imenichukua mpaka leo.

Mimi,
Baba yako. Yule Mwalimu nimemwacha shuleni.